Nani Hupanga Kiingilio?

Bendi kongwe inapotangaza kwamba itapanda jukwaani, magazeti huandika juu ya nyimbo zake, umri wa mwimbaji wake na hata mtindo wa nywele zake. Jambo linaloandikwa kidogo ni lile linalomgusa shabiki kabla ya jingine lolote, nalo ni kiingilio. Ni kiasi gani, kinakwenda kwa nani, na nani aliyekaa mezani akaamua kiwe hicho? Leo naomba tulizungumze jambo hilo, kwa kuwa kiko kisa kimoja kilicholiweka wazi kwa tarakimu ambazo kila mtu anaweza kuzijumlisha mwenyewe.

Kisa chenyewe ni cha kundi la Kiingereza liitwalo The Cure. Mwezi Machi 2023 kundi hilo lilitangaza ziara ya maonyesho 30 katika Marekani na Kanada, kuanzia New Orleans tarehe 10 Mei hadi Miami tarehe 1 Julai. Muziki wenyewe ulikuwa bado miezi miwili. Lakini katika majuma matatu ya kwanza baada ya tangazo, kabla gitaa halijaguswa, palitokea mvutano kati ya mwimbaji wa bendi na kampuni kubwa kuliko zote ya kuuza tiketi nchini Marekani. Mvutano huo uliwafundisha watu wengi jinsi biashara ya muziki wa jukwaani inavyokwenda.

Niwajulishe kwanza wahusika. The Cure walianza kama vijana wa shule katika mji wa Crawley, kusini ya London, katikati ya miaka ya 1970. Walichukua jina hilo mwaka 1978, na mwaka uliofuata wakatoa santuri yao ndefu ya kwanza. Mwimbaji wao, Robert Smith, aliyezaliwa mwaka 1959, ndiye pekee aliyekuwamo kundini wakati wote. Wenzake wameingia na kutoka, na baadhi yao wametoka na kurudi.

Muziki wao huwekwa katika fungu ambalo Waingereza wenyewe huliita "baada ya panki". Panki ililipuka London mwaka 1976 na 1977: nyimbo fupi, gitaa la makelele, ufundi mdogo na hasira nyingi. Moto ule ulipopungua, vijana waliokuwa wameuota walibaki na somo moja, kwamba mtu hahitaji ruhusa ya mkubwa yeyote ili aanzishe bendi. Wakaanza kujaribu mambo. Gitaa la besi, ambalo zamani lilijificha nyuma, likaletwa mbele. Wakasikiliza kwa makini rege ya Jamaica. Wakaongeza vinanda vya umeme. Wakaimba juu ya upweke, hofu na huzuni. Huko ndiko walikotoka Joy Division, Siouxsie and the Banshees, Wire, Gang of Four na hao The Cure. Santuri za The Cure za mwaka 1980 hadi 1982 ni nzito kama anga la masika, ingawa baadaye walikuja kutoa nyimbo nyepesi zilizochezwa katika madisko ya nchi nyingi. Santuri yao ya mwaka 1989, Disintegration, ndiyo ambayo mashabiki wengi huitaja kwanza.

Sasa, kuna urithi mmoja wa panki ambao si wa sauti, nao ni urithi wa bei. Vijana wale waliamini kwamba bei ya muziki ni sehemu ya kile mwanamuziki anachokisema. Kundi la The Clash, mwaka 1979, lilishikilia kwamba santuri mbili za London Calling ziuzwe kwa pamoja kwa bei ya moja. Mwaka uliofuata likatoa santuri tatu kwa pamoja kwa bei nafuu, na likakubali kuachia sehemu ya mrabaha wake ili jambo hilo liwezekane. Baadaye huko Washington kundi la Fugazi lilijulikana kwa kuweka kiingilio cha dola 5 kwa miaka mingi, hata lilipokuwa na mashabiki wa kutosha kudai zaidi. Kwa hiyo mtu aliyekulia katika muziki huo, akija kuambiwa kwamba kiingilio cha onyesho lake ni dola 500, anaulizwa swali ambalo hawezi kulikwepa: je, yale uliyoyaimba ulikuwa unayaamini?

Na swali hilo ni gumu zaidi kwa bendi kongwe kuliko kwa bendi changa. Hebu tulitazame vizuri. Zamani bendi iliishi kwa kuuza santuri na kaseti, na ziara ilikuwa njia ya kuzitangaza. Intaneti imeigeuza biashara hiyo juu chini. Nyimbo leo zinasikilizwa kwa senti chache sana, na mapato ya wanamuziki wengi yamehamia jukwaani. The Cure wenyewe hawakutoa santuri mpya ya nyimbo zao kati ya mwaka 2008 na Novemba 2024. Miaka 16! Katika muda wote huo walichokuwa nacho cha kuuza ni nyimbo za zamani, na usiku wa kuzisikia zikipigwa na wenyewe.

Wauzaji wanajua jambo hilo, na wanamjua mnunuzi pia. Kijana aliyekuwa na miaka 16 mwaka 1982, akihesabu sarafu zake mlangoni, leo ana zaidi ya miaka 55. Huenda ana mshahara, ana nyumba, ana watoto anaotaka wamwone yule mwimbaji wa ujana wake. Tena ana hofu moja ambayo shabiki wa bendi changa hana. Anaogopa kwamba hii inaweza kuwa mara ya mwisho. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo hatoi fedha kwa hesabu. Anatoa kwanza, hesabu anaifanya nyumbani. Hapo ndipo penye faida, na hapo ndipo pazuri pa kumpima mwenye bendi.

Tuje sasa kwenye tiketi yenyewe. Tiketi ya onyesho kubwa katika nchi hizo inaliwa na midomo mitatu. Mdomo wa kwanza ni bei iliyoandikwa kwenye tiketi. Gharama za onyesho zikitolewa, sehemu kubwa ya bei hiyo kwa kawaida humwendea msanii. Mdomo wa pili ni ada zinazoongezwa juu ya bei hiyo: ada ya huduma, ada ya ukumbi, ada ya kushughulikia oda. Hizo hugawanywa kati ya kampuni ya tiketi na wenye ukumbi. Mdomo wa tatu ni ulanguzi. Neno hilo halihitaji tafsiri kwetu. Tulilizoea enzi za foleni za sukari na sabuni. Mtu ananunua tiketi nyingi bila nia ya kusikiliza wimbo hata mmoja, kisha anaziuza kwa mara tatu au mara kumi ya bei aliyonunulia. Walanguzi wa leo hawasimami tena mlangoni na makoti marefu. Wanatumia programu za kompyuta na majina ya bandia, wanamaliza tiketi kabla binadamu hajamaliza kuandika jina lake.

Miaka ya karibuni umeongezeka mtindo mwingine, wa bei inayopanda yenyewe kadiri wanunuzi wanavyozidi foleni. Anayetaka kuuelewa akumbuke nauli za msimu wa sikukuu, kisha afikirie nauli hiyo ikipanda wakati yeye ameshafika dirishani na mkono umo mfukoni. Wenye kuutetea wanasema kwamba fedha ambayo ingekwenda kwa mlanguzi sasa inakwenda kwa msanii. Mwezi Julai 2022 mashabiki wa Bruce Springsteen, mwimbaji aliyejenga jina lake kwa nyimbo za wafanyakazi, waliona baadhi ya tiketi zake zikifika dola elfu kadhaa kwa mtindo huo. Kwa kweli fedha haikwenda kwa mlanguzi. Lakini mfanyakazi naye hakuingia.

The Cure walifanya nini? Walifanya mambo matatu kwa pamoja, na naomba tuyashike yote matatu, kwa sababu moja bila mengine lisingefaa kitu.

Kwanza, walikataa bei inayopanda. Bei ikishapangwa, imepangwa. Pili, walipanga kiingilio cha chini. Katika kumbi nyingi za ziara ile tiketi ya bei ya chini ilikuwa dola 20, katika nchi ambako bendi za hadhi yao ziliomba mara tano ya kiasi hicho au zaidi. Tatu, walifunga njia ya kuuziana. Mnunuzi ilibidi ajiandikishe mapema ili athibitishwe kuwa ni mtu kweli, na tiketi yake ilifungwa kwenye jina lake. Asipoweza kwenda angeweza kuirudisha sokoni, lakini kwa bei ileile aliyonunulia.

Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa na watu wenye moyo mzuri. Bei nafuu isiyo na ulinzi haimsaidii maskini, inamsaidia mlanguzi. Ukiuza kwa dola 20 kitu ambacho watu wako tayari kukilipia dola 200, umeweka dola 180 mezani, na yupo atakayezichukua. Sisi tuliopanga foleni dukani kwa bei ya serikali huku bidhaa ileile ikiuzwa uchochoroni kwa bei nyingine hatuhitaji mwalimu wa uchumi atufafanulie jambo hilo. Anayeshusha bei lazima asimame na mlangoni.

Basi tiketi zikaanza kuuzwa katikati ya Machi 2023. Siku hiyohiyo mashabiki wakaanza kuonyesha risiti zao hadharani. Risiti moja ilisambaa kuliko zote, na ninaisoma kama ilivyo. Tiketi nne za dola 20 kila moja: dola 80. Ada ya huduma, dola 11.65 kwa kila tiketi: dola 46.60. Ada ya ukumbi, dola 10 kwa kila tiketi: dola 40. Ada ya kushughulikia oda: dola 5.50. Jumla: dola 172.10. Chukua kalamu ujumlishe. Tiketi ya dola 20 ilikuwa imefika dola 43, na ada zilikuwa zimeizidi bei ya muziki wenyewe. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa kibaba kilijaa kikamwagika.

Kampuni iliyokuwa ikiuza tiketi hizo ni Ticketmaster. Ilianzishwa Arizona mwaka 1976, wakati wavulana wale wa Crawley nao wakijifunza magitaa. Mwaka 2010 iliungana na Live Nation, kampuni inayoandaa maonyesho, inayomiliki au kuendesha kumbi nyingi, na inayosimamia kazi za wasanii. Mfikirie mtu mmoja aliye mwenye basi, mwenye stendi na mwenye kibanda cha kukatia tiketi. Abiria akilalamika juu ya kibanda, anaelekezwa stendi; akilalamika stendi, anaelekezwa kwenye basi. Ticketmaster kwa miaka mingi imejitetea kwamba kumbi ndizo zinazopanga ada na ndizo zinazochukua sehemu kubwa ya fedha hizo. Si uongo kwamba kumbi zina fungu lake. Lakini ukumbi ambao uko katika mkono uleule si mtu mwingine wa kusingiziwa.

Robert Smith hakupeleka malalamiko kupitia kwa wakala. Tarehe 15 Machi aliandika katika mtandao wa Twitter, kwa herufi kubwa kama ilivyo desturi yake, kwamba jambo hilo limemchefua kama lilivyowachefua mashabiki. Alieleza waziwazi kwamba msanii hana uwezo wa kuzizuia ada hizo, na kwamba ameuliza zinahalalishwaje. Kesho yake akatoa taarifa nyingine. Ticketmaster walikuwa wamekubali kwamba ada nyingi zilikuwa zimezidi kiasi. Kama ishara ya nia njema, wangemrudishia dola 10 kwa kila tiketi mnunuzi wa tiketi za bei ya chini aliyethibitishwa, na dola 5 kwa kila tiketi ya bei nyingine. Tiketi zilizokuwa bado kuuzwa zingekuwa na ada ndogo zaidi.

Mwisho wa mwezi akatangaza jambo jingine: tiketi zipatazo 7,000, zilizonunuliwa katika oda zipatazo 2,200, zilikuwa zimefutwa. Ni tiketi zilizokuwa zimenunuliwa kwa majina ya bandia au zilizokutwa zikiuzwa kwenye masoko ya kulangua. Zilirudishwa ziuzwe upya kwa bei yake.

Hapa nataka tuwe waangalifu, msikilizaji, tusije tukashangilia tukasahau kuhesabu. Dola 10 zilizorudishwa ni chini ya nusu ya ada zote zilizotozwa juu ya tiketi ya dola 20. Tena zilirudishwa kwa hiari, kwa sababu mtu mashuhuri alipiga kelele. Hakuna sheria iliyolazimisha. Bendi ndogo isiyo na mashabiki wa kuchafua jina la kampuni ingepiga kelele hiyohiyo na isingesikika. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na Smith alikuwa na kisu.

Zaidi ya hapo, ile njia ya kufunga tiketi kwenye jina haikufanya kazi kila mahali. Katika majimbo ya New York, Illinois na Colorado sheria inalinda haki ya mnunuzi kumpa au kumwuzia mwingine tiketi yake. Kwa hiyo huko bendi ilibaki kuwasihi mashabiki watumie soko la bei ileile, na mlanguzi akapata upenyo. Sheria hizo zina hoja yake, na hoja hiyo nisingependa kuibeza. Mtu akinunua kitu ni chake. Akiugua au akipata msiba, kwa nini aombe ruhusa ya kampuni ili ampe ndugu yake? Na kampuni ya tiketi inayofunga tiketi zote ndani ya soko lake peke yake inaweza kesho kulitumia soko hilo kujinufaisha. Lakini haki iliyotungwa kumlinda mtu mwenye tiketi mbili inatumiwa leo na mtu mwenye tiketi mia mbili. Huo ndio ugumu wa jambo lenyewe, na wabunge wa huko bado wanahangaika nao.

Wapo pia waliosema kwamba ukarimu wa Smith ni anasa ya tajiri. Ni hoja ya haki. Mwanamuziki aliyeuza santuri kwa mamilioni anaweza kusamehe. Bendi ya watu wanne wanaolala ndani ya gari la kukodi haiwezi. Lakini tazameni matokeo ya ziara yenyewe. Kwa hesabu zilizochapishwa na jarida la Billboard, ziara ile ya mwaka 2023 iliuza tiketi zipatazo 547,000 na kuingiza dola milioni 37.5. Gawanya, utapata wastani wa dola 68 na senti kadhaa kwa tiketi. Kundi halikufilisika. Mjini New York walijaza Madison Square Garden usiku tatu mfululizo, na Los Angeles wakajaza Hollywood Bowl usiku tatu vilevile, wakipiga kila usiku zaidi ya saa mbili na nusu. Yaani kumbi zilijaa watu, na waandaaji walipata chao. Kilichopungua ni ile ziada ambayo ingetoka kwa mtu mwenye hofu ya mara ya mwisho.

Mwaka 2024 Smith aliulizwa juu ya mambo haya na gazeti la The Times la London, wakati Waingereza walikuwa wamekasirishwa na bei za tiketi za kundi la Oasis. Alisema kwamba bei inayopanda ni ulaghai ambao ungetoweka kama kila msanii angeukataa, lakini wengi hujificha nyuma ya mameneja wao. Alisema pia kwamba alipoona ni faida kiasi gani inayopatikana katika maonyesho alishangaa, akaona hawana haja ya fedha zote hizo. Na kwamba shabiki aliyeokoa fedha kwenye tiketi hununua fulana au bia, na huondoka na moyo wa kurudi tena. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo kundi lilipiga katika ukumbi wa Troxy, mashariki ya London, unaochukua watu wapatao 3,000, kusherehekea santuri mpya. Onyesho zima likarushwa bure kwenye mtandao wa YouTube, hivyo hata asiye na nauli ya kufika London aliliona.

Basi tunajifunza nini? Mimi najifunza kwamba maneno "soko ndilo lililoamua" ni maneno ya kuulizwa maswali. Soko halina mkono wala kalamu. Kila tarakimu kwenye risiti ile ya dola 172.10 iliandikwa na mtu, ofisini, kwa sababu fulani. Bendi iliandika 80, ukumbi na kampuni wakaandika 92.10. Bendi iliposema wazi kwamba 80 ni yake na 92.10 si yake, watu kwa mara ya kwanza walijua wa kumwuliza. Wasanii wengine kwa muda mrefu walikuwa wakinyamaza, kwa kuwa ukimya ule uliwafaa: kampuni ikabeba lawama, na wao wakachukua sehemu yao ya bei iliyopanda. Ukila na kipofu usimshike mkono, wanasema, ila sasa kipofu alikuwa ameanza kuona.

Jambo la pili ninalojifunza ni kwamba msanii mmoja hatoshi. Mwaka 1994 kundi la Pearl Jam la Marekani lilipambana na kampuni hiyohiyo juu ya ada, likaipelekea serikali malalamiko na kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge. Mwaka 1995 serikali ikafunga uchunguzi wake bila kuchukua hatua, na kundi likabaki limechoka. Ilichukua karibu miaka 30 zaidi. Mwezi Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani pamoja na majimbo kadhaa iliwashtaki Live Nation na Ticketmaster kwa kuhodhi soko, ikitaka kampuni hizo zitenganishwe. Mwezi Mei 2025 ilianza kutumika kanuni ya serikali kuu ya huko inayomtaka muuzaji wa tiketi aonyeshe bei nzima tangu mwanzo, ada zikiwa ndani. Na mwezi Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza nia ya kupiga marufuku kuuza tena tiketi kwa bei iliyozidi ile ya awali.

Kanuni ya kuonyesha bei nzima haishushi kiingilio hata senti moja, na wapo wanaoidharau kwa sababu hiyo. Mimi siidharau. Mnunuzi akiiona 43 tangu mwanzo, hatavutwa kwa 20 hadi mlangoni kisha akaona haya kurudi nyuma. Bei iliyo wazi inaweza kugombwa. Bei iliyofichwa inalipwa tu.

Nani, basi, hupanga kiingilio? Kwa kisa hiki jibu ni kwamba wanakipanga wengi, na kila mmoja hupenda ionekane ni mwenzake. Bendi ina sehemu yake, na The Cure walionyesha kwamba sehemu hiyo ni kubwa kuliko mameneja wengi wanavyokiri. Ukumbi una sehemu yake, kampuni ina yake, bunge lina lake. Na msikilizaji anayo yake pia, ingawa ni ndogo: kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa, asome risiti mstari kwa mstari kama anavyosoma ya dukani, na akiona mstari asiouelewa, auulize kwa sauti. Katika kisa hiki yote yalianza hivyo. Kabla mwimbaji hajasema neno, palikuwa na mashabiki waliosoma mistari minne ya risiti, wakakataa kunyamaza.